Fomu Nne na Kikombe Kimoja

Kwa maneno ya Mama Pacha, wizi wenyewe ulikwenda hivi.

Jumapili ya mwisho wa mwezi, mvua ikimwagika, Mhazini alirudi kutoka kanisani peke yake, mfuko wa bluu kwapani, kaufunika kwa mtandio kama mtu aliyeiba kuku. Hakusalimia. Mtu ambaye siku zote husalimia mpaka mbuzi, siku hiyo alipita kama haijui nyumba ya jirani yake. Akaingia ndani, akafunga dirisha mchana kweupe. Na kwa kuwa nyumba hizi mbili zinagawana ukuta mmoja mwembamba, Mama Pacha akamsikia anahesabu. Elfu tano. Elfu mbili. Elfu kumi. Elfu tatu. Akahesabu mpaka chai ya Mama Pacha ikapoa mkononi. Haikupita muda, Mchungaji akasimama mbele ya watu akasema pesa ya paa imepungua laki nane na arobaini, na Mhazini amesimamishwa.

"Sasa wewe afande jumlisha mwenyewe," alimalizia Mama Pacha, akikamua nguo ya mtoto juu ya beseni. "Mimi sijasema ni mwizi. Nimesema nilichosikia."

Mpelelezi aliyekaa mbele yake juu ya ndoo iliyopinduliwa alikuwa mwanamke mfupi, na daftari lake lilikuwa lile la shule, la kurasa thelathini na mbili. Kituoni walimwita Taratibu. Wengine walimwita hivyo kwa kumsifu, wengine kwa kuchoka kumsubiri.

"Huo mfuko ulikuwa umejaa vipi?"

"Umetuna! Kama mto wa kulalia."

"Na aliubana kwapani tu? Hakuushika kwa mikono miwili?"

"Kwapani. Mkono wa pili ulikuwa na viatu, si unaona matope yetu."

Taratibu akaandika: mkubwa, mwepesi.

"Akihesabu, una hakika alitaja elfu tatu?"

"Elfu tatu, na elfu saba pia. Masikio yangu hayajazeeka."

"Umewahi kushika noti ya elfu tatu, mama?"

Nguo ikabaki mkononi mwa Mama Pacha inachuruzika.

"Afande, mimi na noti tunakutana kwa bahati," alisema. "Siwezi kujua zimetoka zipi mpya."

Taratibu akamshukuru, akairudisha ndoo kama alivyoikuta.

*

Ofisi ya kanisa ilikuwa chumba kimoja nyuma ya madhabahu. Kanisani kwenyewe mabati yalikuwa yameoza upande wote wa kushoto, viti vimesogezwa kulia, na mtu akiingia angedhani waumini wamegombana. Ofisini nako palivuja. Ndoo ilikaa juu ya meza, katikati ya mafaili, na wenye ofisi waliongea kwa kuizunguka kama mgeni aliyezoeleka.

Mchungaji alikuwa mtu mnene, mwenye sauti laini. Alimpa Taratibu kiti kisicholowa.

"Binti yangu, jambo hili tumekwisha kulimaliza kifamilia. Dada yetu amekubali kurudisha. Kesho saa nne analeta malipo ya mwanzo, tunamwandikia risiti, tunamsamehe. Naomba ulifunge faili lako."

"Amekubali kwamba alichukua?"

"Amekubali kurudisha."

"Hivyo ni vitu viwili, Mchungaji."

Mchungaji akatabasamu bila kukasirika. "Jumatatu tuna wageni. Wafadhili. Wametuahidi kwamba kiasi chochote tulichochanga kwa ajili ya paa, wao wataongeza kingine kama hicho. Taarifa yetu wanayo, wanakuja kuona na hesabu ya benki. Wakikuta polisi humu, paa limekwenda. Umeona mwenyewe watu wangu wanavyokaa."

"Nimeona. Nipe mpaka hiyo kesho saa nne."

Katibu ndiye aliyetoa faili. Kijana wa shati lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Sadaka ya paa hutolewa kwa bahasha. Kila muumini ana namba yake, huiandika juu pembeni, na chini huandika kiasi alichotia. Ibada ikiisha, wahesabuji wawili hufungua bahasha hapa mezani, wanahesabu, fomu inajazwa, wote wawili wanatia sahihi. Mhazini anapokea fedha, Jumatatu anapeleka benki.

"Hizi ni fomu za mwezi ule." Akazipanga nne. "Jumapili tatu za kwanza, fomu na benki sawasawa. Ya nne, fomu inasema milioni moja, laki moja na sitini. Benki imepokea laki tatu na ishirini. Kilichopotea kati ya meza hii na dirisha la benki alikuwa nacho mtu mmoja tu."

"Mwandiko wa tarakimu ni wako?"

"Wangu. Wao ni wazee, wananitajia, mimi najaza. Ila sahihi ni zao. Mbili, kama inavyotakiwa."

Taratibu aliinua fomu moja moja mpaka dirishani. Ile ya Jumapili ya kwanza ilikuwa na duara la rangi ya kahawia kwenye kona ya chini, alama ya kitako cha kikombe. Akaangalia ya pili. Duara lilikuwepo, mahali pale pale, limepauka kidogo. Ya tatu, limepauka zaidi. Ya nne lilionekana tu ukiielekeza karatasi kwenye mwanga.

"Hapa ofisini mnakunywa chai?"

"Na ndoo hii? Hapana, afande, tunakunywa mvua." Katibu akacheka peke yake.

"Bahasha tupu huenda wapi?"

"Zinachomwa siku ile ile. Alichotoa mtu ni siri yake na Mungu wake. Ni sheria yetu, na mchomaji ni mimi."

"Jumapili ile ya nne mvua ilinyesha kutwa. Ulichomea wapi?"

Kalamu moja ikatoka mfukoni, ikarudi. "Itakuwa nilichoma kesho yake."

Taratibu aliinuka. Alisimama mbele ya ukuta, ambapo palibandikwa karatasi kubwa ya manila: AHADI ZA PAA, na tarehe ya Jumapili ile ile ya nne. Waliosimama siku hiyo na kuahidi walikuwa watano, hawakuandikwa kwa majina bali kwa namba zao. Safu ya mwisho, IMELIPWA, ilikuwa nyeupe toka juu hadi chini. Akanakili namba tano na viasi vitano kwenye daftari, akaaga.

*

Mhesabuji mkuu aliitwa Babu Saa. Alikuwa dereva wa basi kwa miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuangalia saa kila baada ya sentensi mbili, kama kuna abiria wanamngojea. Ni yeye aliyekwenda kituoni kuripoti, kabla hajashauriana na mtu.

"Mimi sahihi yangu haijawahi kusema uongo," alisema. "Nimeshika usukani miaka yote hiyo, sijawahi kugonga hata kuku. Fomu inasema milioni na zaidi, basi zilikuwa milioni na zaidi."

"Unakumbuka mlihesabu ngapi siku ile?"

"Mimi nahesabu noti, mwenzangu anahesabu sarafu. Jumla anafanya Katibu."

"Na mwenzako ni nani?"

"Ni mimi," ilijibu sauti ya mwanamke kutoka jikoni. "Mke wake. Nani mwingine angemvumilia?"

"Kwa hiyo sahihi mbili ni za nyumba moja."

"Tena kitanda kimoja!" Bibi alitoka na trei, akaweka vikombe mezani, akamkaripia mumewe asogeze makaratasi yake. "Huyu ataniharibia kitambaa. Kila mwanzo wa mwezi ni hivi hivi, anamwaga chai juu ya karatasi za kanisa."

Babu Saa akaangalia saa.

Taratibu alichukua kikombe chake, akakinywa mpaka nusu, akakirudisha juu ya sahani yake taratibu sana.

"Karatasi za kanisa zinafika vipi mezani kwenu, bibi? Si zinajazwa kanisani?"

"Kujazwa, ndiyo. Kutiwa sahihi ni hapa. Basi letu linaondoka saa saba kamili, na Katibu akianza kupiga jumla zake tutalala huko. Ndiyo mzee akabuni: tarehe moja, tukishakunywa chai, tunatia sahihi za Jumapili zote nne. Tunamkabidhi Katibu. Jumapili tunahesabu, tunataja, tunakimbilia basi."

"Zikiwa tupu."

"Zikiwa tupu," alisema bibi, na alipolisikia neno lenyewe likitoka kinywani mwake akakaa kitini.

Babu Saa alikuwa bado anaangalia saa yake, lakini sasa hakuwa anasoma kitu.

"Babu," Taratibu alisema, "ungempa mtu basi lako, na ufunguo, na leseni yako, halafu ukapande kwenye siti ya nyuma ulale?"

"Usinimalize, binti," alisema mzee. "Nimekwisha kuelewa."

"Basi kesho saa nne njoo ofisini. Tafadhali usichelewe."

"Mimi?" Lilimtoka kwa mazoea, lakini sauti haikuwa na nguvu.

*

Kwa Mhazini, mwanamume mmoja alikuwa anaifunga kamba cherehani kubwa, ile ya kushonea mapazia na sare za shule. Ndogo ilibaki kwenye kona. Mhazini alimsaidia kushika kamba, akamwonyesha na mahali pa kutia mafuta. "Usiikimbize asubuhi kabla haijapata moto," alimwambia. "Ina jeuri kidogo." Mwanamume akaitoa nje kwa mkokoteni. Sakafuni zikabaki alama nne za miguu.

Mhazini alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, sindano mbili zimechomekwa kifuani mwa blauzi.

"Laki tano," alisema kabla hajaulizwa. "Zilizobaki nitalipa kwa miezi saba."

"Ulichukua, dada?"

"Hapana."

"Sasa unalipa nini?"

"Karatasi ina sahihi mbili. Mimi nina mdomo mmoja." Alikaa kwenye kiti ambacho hakikuwa tena na mashine mbele yake. "Halafu, afande, watu mia mbili wakikutazama kwa pamoja, unaanza kujikagua mifuko. Najiuliza, pengine zilinidondoka. Pengine nilisinzia. Wateja watatu wamekuja kuchukua vitambaa vyao, havijashonwa. Eti wamepata safari."

"Jumapili ile ulirudi na mfuko wa bluu, umetuna, mwepesi. Ukawa unasoma kwa sauti, elfu tatu, elfu saba. Hakuna noti za namna hiyo. Hukuwa unahesabu fedha. Ulikuwa unasoma maandishi."

Nje mkokoteni ulisikika ukikwama, ukasukumwa, ukaenda.

"Katibu anapaswa kuzichoma," alisema Mhazini polepole, "ila hapendi moshi. Miaka sita sasa nazichukua mimi. Nyumbani nasoma kila bahasha, najumlisha, nalinganisha na nilichokabidhiwa. Nangoja taarifa ya benki, ndipo nachoma. Fomu yenyewe sionyeshwi, inakaa kwenye faili lake. Na safari hii nimesimamishwa siku taarifa ilipokuja. Sikuwahi kuchoma."

"Kwa hiyo zipo! Dada, unazo humu ndani na unauza cherehani?"

"Ni siri za watu!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mtu amevaa suti, amekaa mbele, na bahasha yake ina mia mbili. Mwingine hana viatu, katia elfu kumi. Mimi nazijua namba zote. Nikizimwaga mezani kujiokoa, kesho nani atainua uso? Waniite mwizi. Huyu wa hapa jirani anayenisema..." Akakata kauli. "Hapana. Sisemi."

Taratibu alifunga daftari lake, akaliweka sakafuni.

"Namba iko pembeni juu, sivyo?"

"Ndiyo."

"Kunja hiyo pembe. Kila bahasha. Bana kwa pini. Mimi sitaona namba, nitaona kiasi tu."

Mhazini akamtazama, kisha akavuta mfuko wa bluu kutoka chini ya marobota ya vitambaa. Walikaa sakafuni, kati ya zile alama nne za miguu ya cherehani. Mmoja alikunja pembe na kubana pini, mwingine aliandika. Bahasha arobaini na sita. Elfu tano. Elfu mbili. Elfu kumi. Elfu tatu. Upande wa pili wa ukuta kelele za beseni zilikoma ghafla, pakawa kimya, kama mtu kasogeza sikio.

Jumla ilikuwa laki tatu na ishirini. Sawa na benki, bila kupungua wala kuzidi.

Taratibu akafungua ukurasa wa nyuma, akatazama vile viasi vitano alivyonakili ukutani. Laki tatu. Laki mbili. Laki na nusu. Laki moja. Elfu tisini. Alijumlisha mara mbili, ingawa mara ya kwanza ilitosha.

*

Kesho yake saa nne kasoro dakika kumi Babu Saa alikuwa amekwisha kukaa. Mvua ilikuwa imeanza tena na ndoo ilikuwa inapokea. Mhazini aliingia, akafungua fundo la kitambaa mezani, laki tano zikaonekana, zimefungwa kwa uzi mweupe wa kushonea. Katibu akavuta kitabu cha risiti, akafungua kalamu.

"Imepokelewa kutoka kwa..." alianza kuandika.

Taratibu akaweka kiganja juu ya kitabu.

"Usiandike."

"Afande, tulikubaliana," alisema Mchungaji.

"Tulikubaliana mpaka saa nne. Zimebaki dakika ngapi, babu?"

"Tatu," alisema Babu Saa, bila kuangalia saa.

Taratibu alipanga fomu nne mezani, moja juu ya nyingine, akasawazisha kingo. Kisha akazifunua moja moja, kidole kwenye duara la kahawia. "Kikombe kimoja kimelowesha Jumapili nne. Zilikuwa zimepangwa hivi, tarehe moja, na sahihi mbili juu yake, na hazina tarakimu hata moja. Mzee mwenyewe yupo hapa."

"Ni kweli," alisema Babu Saa. "Nilitia sahihi hewa. Na ni mimi niliyekwenda polisi." Alikuwa anaongea na Mhazini, lakini anatazama magoti yake.

"Kwa hiyo fomu inasema alichoandika Katibu, basi. Bahasha arobaini na sita ambazo hukuchoma, Katibu, zinasema laki tatu na ishirini. Benki inasema laki tatu na ishirini." Taratibu akageuka ukutani. "Na wale watano waliosimama siku ile wakaahidi, jumla yao ni laki nane na arobaini. Mmeongeza ahadi kwenye fedha. Hakuna kilichoibwa. Hizo laki nane hazijawahi kuingia humu."

Katibu alifunika kalamu yake. "Mimi naandika ninachoambiwa," alisema, na akatazama upande wa Mchungaji kwa mara ya kwanza.

Mchungaji alikuwa ametoa kitambaa, anajifuta shingo.

"Walisimama mbele ya watu," alisema. "Niliamini zitaingia wiki ile ile. Wafadhili walitaka taarifa kabla mwezi haujaisha. Nikasema ziandikwe tu, zitafuata. Hazikufuata. Mmoja kahama, mmoja hapokei simu..."

"Ndipo ikahitajika fedha ya kujaza pengo," alisema Taratibu. "Huyu akilipa, benki itakuwa sawa na fomu. Wageni watahesabu, wataridhika, wataongeza yao. Na cherehani yake itakuwa imelipa ahadi za watu watano."

"Si kwa ajili yangu! Bibi mmoja kaumwa kifua mwezi mzima kwa kulowa pale ndani. Binti yangu, Jumatatu haiko mbali. Paa likishapanda..."

"Mchungaji," alisema Mhazini.

Alizifunga fedha zake kwenye kitambaa, fundo moja, la pili, akalivuta kwa meno kama anavyokata uzi.

"Ulinisimamisha Jumapili, watu wote wapo. Uliniita mbele. Ulitaja kiasi. Kulikuwa na mama yangu kiti cha tatu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayempima mteja bega. "Sikudai cherehani. Nikikodi nyingine nitashona. Naomba kitu kimoja. Jumapili hii, siku moja kabla ya wageni wako, niite tena mbele. Kwa sauti ile ile. Useme ilikuwa nini."

Babu Saa akainua kichwa. Katibu alikuwa anaitazama ile karatasi ya manila. Taratibu alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari, ukurasa uko wazi, anangoja cha kuandika.

Ndoo ilikuwa imejaa. Maji yakaanza kupita ukingoni, yakatambaa mezani mpaka kwenye fomu ya Jumapili ya nne. Mchungaji aliyaona, na hakuisogeza fomu.